Sura ya Nne: Pua ya Mtakatifu Vinsenti

Chavenoy hakuna wezi. Tembea Burgundi nzima, kijiji kwa kijiji, hutapata watu waaminifu kama wetu. Milango inalala wazi na asubuhi hakuna aliyepoteza hata kijiko. Tukimtoa, bila shaka, yule aliyeng'oa bomba la shaba la kisima cha uwanjani. Na yule aliyebeba beseni la mawe la ubatizo, la tangu enzi za wafalme, akalipandia maua uani kwake. Huyo lakini ni shemeji yangu, na maua yenyewe yamependeza.

Sajini Maryvonne Le Dantec wa kituo chetu cha polisi hakuwa mtu wa Chavenoy. Alizaliwa Bretania, kwa wavuvi, na mji ulikuwa haujamsamehe. Kufika Jumatano ile alikuwa ameshaambiwa na kila mtu, kwa maneno yale yale, kwamba Chavenoy hakuna wezi, na kila aliyemwambia alikuwa akimmiminia kahawa. Tumbo lilijaa kahawa, faili likabaki tupu.

Mambo yalikuwa hivi. Jumapili asubuhi Bi Léontine Gaudry, mjane anayetunza kikanisa cha Mtakatifu Vinsenti kule juu mashamba ya mizabibu yanapoanzia, alikwenda kubadilisha maua akakuta kishubaka kitupu. Mtakatifu hayupo. Ni sanamu ya mti wa mwaloni, kimo cha mtoto wa chekechea, kisu cha kupogolea mkono mmoja, kichala cha zabibu mkono wa pili, na pua nyekundu kama bitiruti, maana waliomchonga walikuwa wakulima wa zabibu na walimpa pua waliyoizoea. Kufuli halikuvunjwa. Dirisha halikuguswa. Funguo zilikuwa mbili tu: mmoja wa Bi Léontine, ambao alisema unalala kwenye aproni yake, na mwingine wa Amaro Teixeira, mwashi Mreno aliyekuwa akipaka chokaa kuta za ndani. Na Amaro, enzi za ujana wake, aliwahi kufungwa kwa kuiba nyaya za shaba.

Kapteni Delmotte, mkubwa wa Maryvonne aliyekaa mjini, hakuhitaji zaidi ya hapo. Jumatatu Amaro alikamatwa. Jumanne mkaguzi wa urithi, yaani wa vitu vya kale vya taifa, alikuja kumkagua mtakatifu, ziara iliyopangwa siku nyingi, akapiga picha ya kishubaka kitupu, akaondoka bila kunywa hata maji. Na Jumatano hii, kabla ya jioni, gari lingekuja kumchukua Amaro kumpeleka kwa mwendesha mashtaka. Kwa mtu aliyewahi kufungwa, kosa la pili la aina hiyo ni miaka. Mkewe, Graça, alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo tangu kulipopambazuka, sufuria ya supu ya kabichi mapajani, hasemi na mtu.

Simu ya Kapteni ilikuja asubuhi. Ilihusu doa.

Ndani ya kishubaka, kwenye ukuta mweupe wa nyuma, palikuwa na doa jekundu dogo kama dengu. Kapteni alilipenda sana doa lile, kwa sababu Amaro alikuwa na kidole kilichokatika. Sasa maabara walikuwa wamejibu. Si damu. Ni rangi ya mafuta, tena kuukuu.

"Basi hakujikata," Kapteni alisema. "Ameiba bila kujikata."

Maryvonne akamkumbusha kwamba Amaro walimkuta kikanisani Jumatatu, ndoo mkononi, anapiga mluzi, anajitayarisha kupaka chokaa mara ya pili. "Mwizi gani huyo anayerudi kumalizia kazi?"

"Mwizi mwerevu."

"Jana ulisema ni mjinga."

"Gari linakuja kabla ya jioni, Sajini."

Maryvonne alishuka mahabusu. Amaro alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu havina kamba, viganja vimepasuka kwa chokaa. Maryvonne alimuuliza aliyoyauliza jana na juzi, na Amaro akajibu aliyoyajibu jana na juzi: ufunguo haukumtoka, Jumamosi alikuwa nyumbani anatengeneza banda la sungura, shahidi ni mkewe na sungura.

"Ulipomaliza kupaka chokaa mara ya kwanza, sanamu ilirudishwa salama?"

Amaro akatazama viatu. "Ilikaa vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri tu, afande. Waulize wenyewe."

"Wenyewe nimewauliza. Wewe ndiye unayekwenda kufungwa."

"Nikifungwa nitatoka," Amaro alisema. "Nikishatoka, nitapaka ukuta wa nani?"

Maryvonne akapanda ngazi, akapita mbele ya Graça bila kumtazama usoni.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Anselme Poncelet, kwa kuwa hakuna shughuli Chavenoy inayoanza pasipo Mzee Anselme. Ndiye mkubwa wa chama cha wakulima wa Mtakatifu Vinsenti, wanaomtembeza mtakatifu mabegani kila Januari. Ndiye pia mwenyekiti wa Kamati ya Urithi, na huko ndiko alikopatia maadui. Kikanisa chetu kimewekwa chini ya ulinzi wa serikali, na kila kinachoonekana ukisimama mlangoni pake lazima kiwe na rangi ya kijivu. Yuko msanifu wa serikali mjini anayesema hivyo. Mzee Anselme anasema hivyo kuliko msanifu. Milango kijivu, madirisha kijivu, malango ya yadi kijivu. Bi Léontine alikuwa na mbao za madirisha za kijani alizoachiwa na marehemu mumewe. Mzee Anselme alimshitaki, na mama wa watu akapanda ngazi kwa umri wake kuzipaka upya. Hata sanduku la mtungi wa kuzimia moto pale ofisi ya meya lilipakwa kijivu, na jiko la ukumbi lilipowaka hakuna aliyeliona. Rangi nyekundu ndiyo hasa haitakiwi. Nasikia maua mekundu yanaruhusiwa, ila Mzee Anselme huyatazama vibaya.

Alimpokea Maryvonne jikoni, amevaa glavu nene za ngozi, zile za kupogolea mizabibu.

"Baridi yabisi," alisema, akainua mikono. "Mwaka huu imenipata vidoleni."

Akamimina kahawa kwa glavu zile zile, nusu kikombeni, nusu mezani. Alizungumza kwa huzuni na kwa mpangilio mzuri. Hakutaka kumsema mtu vibaya. Amaro ni fundi, fundi mzuri, hana ubaya naye. Ila mtu aliyezoea kuchukua huchukua, na wageni hawajui thamani ya vitu vya kale. Yeye mwenyewe mara ya mwisho kumgusa mtakatifu ilikuwa sikukuu ya Januari. Kuhusu rangi ya mafuta kwenye ukuta, hajui chochote, labda ni ya zamani.

"Chokaa ni mpya," Maryvonne alisema. "Doa liko juu yake."

"Basi muulize aliyepaka chokaa." Akafuta meza kwa kiwiko. "Mtakatifu alikuwa anatutazama, afande. Jumapili iliyotangulia, wakati wa misa, alikuwa pale anatutazama kama kawaida, macho yake yale ya huruma."

Maryvonne akamwambia maelezo yake yatapigwa chapa na atayaleta alasiri ayatie sahihi. Mzee Anselme akasema hapana haraka. Maryvonne akasema ipo.

Kisha likazuka gari jeupe. Watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikumbuka kwamba Jumamosi waliona gari jeupe likipanda barabara ya kikanisani. Mmoja alisema lilikuwa na namba za Paris. Wa pili alisema dereva alikuwa na sura ya muuza vitu vya kale. Wa tatu akasema lilikuwa linakwenda taratibu, kama lililobeba kitu kitakatifu. Muda huo huo gari jeupe likapita mbele yao. Maryvonne akaingia kwenye lake, akalifuata, na papo hapo trekta la kunyunyizia dawa likajitokeza kutoka kwenye mizabibu likajiweka katikati, likatembea mwendo wa bibi harusi mpaka kijiji cha pili. Gari jeupe lilipopatikana lilikuwa la mikate. Limekuwa likipita pale kila siku tangu mwenye nalo alipokuwa na nywele. Akamuuzia Maryvonne mkate, akamwambia Chavenoy hakuna wezi.

Aliporudi, ofisi ya meya ilikuwa imefungwa, maana saa sita ilikuwa imepita. Karani alimwambia kupitia dirishani, kitambaa cha kulia kimeshamning'inia shingoni, kwamba hata mtakatifu mwenyewe akirudi muda huu atangoja nje mpaka Bwana Meya amalize jibini.

Maryvonne akaketi kwenye ngazi za ofisi ya meya, akamega mkate, na kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya, akayapitia majibu ya watu tangu mwanzo. Yalifanana mpaka yakachosha. Bi Léontine: alikuwa anatutazama kama kawaida. Meya: alikuwa anatutazama, kama kawaida. Muuza nyama: anatutazama. Mzee Anselme: anatutazama, na macho ya huruma juu yake.

Akaacha kutafuna. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameulizwa mtakatifu alielekea wapi.

Kikanisa kilikuwa na baridi na harufu ya chokaa. Ndoo ya Amaro ilikuwa bado pale alipokamatiwa, brashi imekauka ndani yake. Maryvonne alikuwa na kadi ya posta, ile ambayo Kamati ya Urithi huwauzia wageni: Mtakatifu Vinsenti kasimama kwenye kishubaka, nyuma yake ukuta, mbele yake sisi wenye dhambi. Kwenye kadi, pindo la juu la kishubaka lilionekana vizuri, na ilikuwa rahisi kupima kutoka hapo. Alitoa futi ya utepe. Akapima kadi, akapima kishubaka, akapima doa. Akarudia, kwa sababu alikuwa hapendi lile jibu. Jibu likabaki lile lile. Doa lilikuwa usawa wa pua ya mtakatifu.

Lakini mtakatifu aliyesimama kama kwenye kadi huegemeza ukutani kisogo, na kisogo chake ni kofia, na kofia ni ya dhahabu. Hakuna chekundu nyuma ya kichwa chake.

Akawasha tochi, akaimulika ukutani kwa ubavu. Doa lenyewe lilikuwa ndani ya kishimo kidogo, cha kitu cha duara kilichobonyeza chokaa ikiwa mbichi. Upande wa kushoto wa doa alama kama ya ncha ya kisu. Upande wa kulia vijishimo vitatu vinne vya punje za zabibu. Maryvonne akavua kofia, akaingiza kichwa kwenye kishubaka, akasogea mpaka pua yake ikagusa ukuta pale pale kwenye doa. Mkono wa kisu huku. Mkono wa zabibu huku. Akabaki hivyo, ameupa ulimwengu mgongo.

Mlango ukalia nyuma yake. Bi Léontine alikuwa ameingia na maua, mazoea hayamwachi hata mtakatifu asipokuwepo.

"Ee, na wewe umekosa nini, mwanangu?"

Alisema kwa utani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomtania mtoto. Kisha wote wawili wakalisikia neno lilivyotoka.

Maryvonne akageuka. Pua yake ilikuwa nyeupe kwa chokaa. "Na mimi," alisema. "Nani mwingine aliyekosa, Bi Léontine?"

Bi Léontine akawa na shughuli na maua. Ua moja lilikuwa limeinamia upande, akaliinua, likainama, akaliinua tena.

"Bi Léontine, jioni wanakuja kumchukua Amaro."

"Najua. Nimemwona mkewe." Akaweka maua sakafuni. "Hiyo supu itakuwa imeshaganda."

Akaketi kwenye kiti cha mbele na kuyasema yote, huku akitazama kishubaka na si Maryvonne. Wiki iliyotangulia sakitu ilishuka alfajiri, umande ukaganda juu ya machipukizi, na jua lilipotoka mizabibu yote ya upande wa kikanisa ikawa myeusi kana kwamba imepitiwa na moto. Na ulinzi wa mizabibu ni kazi ya nani? Ya Mzee Vinsenti. Ndiyo kazi pekee aliyopewa. Kwa hiyo akafanywa kama wanavyofanywa watakatifu wa Chavenoy tangu zamani za mababu: akageuzwa uso ukutani, akae hapo aone haya mpaka mizabibu ichipue mara ya pili. Lakini miaka ya karibuni watu wa askofu walikataza jambo hilo, na watu wa urithi wakasema sanamu ikifanyiwa hivyo tena itachukuliwa iwekwe kwenye jumba la makumbusho mjini, ndani ya kioo, kwa wageni. Ndiyo maana mtakatifu alipopotea mji mzima ulikubaliana kwamba alikuwa anatutazama.

"Kama kawaida," Maryvonne alisema.

"Kama kawaida."

"Nani aliyemgeuza?"

"Chama. Anselme na wazee wenzake. Mwashi aliwaambia chokaa bado mbichi, wangoje kidogo. Anselme akamwambia, wewe ni mwashi, mambo ya watakatifu tuachie wenyewe."

Maryvonne akauliza kuhusu ufunguo. Bi Léontine akavuta aproni yake, akatazama mfuko, kama anayetarajia ufunguo utamsaidia kujibu. Ufunguo haukai kwenye aproni. Unakaa chini ya chungu cha zaatari mlangoni kwake, tangu mumewe alipokuwa hai, na hakuna mtu mzima wa Chavenoy asiyejua.

"Uliniambia unalala kwenye aproni yako."

"Nilitaka unione mtu makini."

Sajini akatembea mpaka mlangoni akarudi. Siku tatu nzima. Mtu yuko mahabusu siku tatu kwa sababu ya mfuko wa aproni. Alipozungumza tena alizungumza na ukuta zaidi kuliko na Bi Léontine.

"Chokaa ikakauka na pua ndani yake. Halafu mkaguzi wa urithi akawa anakuja Jumanne, na mtakatifu kaelekea ukutani. Lazima mtu aje amgeuze kabla. Alipomvuta, mwili ukaja, rangi ya pua ikabaki ukutani. Sasa ana mtakatifu mwenye pua nyeupe na mkaguzi yuko njiani. Nani alijua siku ya mkaguzi?"

"Mimi sikujua. Ningefua vitambaa vya altare."

"Meya?"

"Meya hajui siku ya harusi yake. Barua za urithi zote zinakwenda kwa..." Bi Léontine akaikunja aproni yake.

"Mtu huyo anataka kuipaka pua upya," Maryvonne alisema. "Anahitaji rangi nyekundu. Hapa Chavenoy, nani ana rangi nyekundu?"

Bi Léontine akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika; ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa keki siku isiyo ya sikukuu. Akaanza kufunga kitambaa cha kichwa.

"Nitakusindikiza."

"Hapana, Bi Léontine."

"Unaijua yadi yake? Kuna mbwa."

"Nilikuwepo leo asubuhi. Hana mbwa."

"Basi nitakuonyesha mahali asipokuwepo."

Maryvonne alikuwa amechoka, hakubishana. Wakapitia kituoni kuchukua maelezo yaliyopigwa chapa. Gari la kutoka mjini lilikuwa limeshafika, limeegeshwa mbele ya mlango, na askari wawili wasiojulikana walikuwa wakivuta sigara kando yake. Graça alikuwa amesimama. Maryvonne akawaambia wale askari kwamba fomu ya kumtoa mtuhumiwa inahitaji sahihi yake na kalamu yake imekauka, wamngoje. Mmoja akamnyooshea kalamu. Hakuipokea.

Mzee Anselme alikuwa yadini, amekaa kwenye kiti cha chuma, hafanyi kitu, glavu mikononi. Alipomwona Bi Léontine akasimama kwa adabu, lakini adabu yenyewe ilikuja kwa kuchelewa. Tangu yale madirisha ya kijani, mama yule alikuwa hajakanyaga pale.

Maryvonne akaweka karatasi juu ya pipa. "Sahihi tu, Mzee Anselme. Kila ukurasa."

Mzee Anselme akashika kalamu. Ngozi ya glavu ilikuwa nene kuliko kidole, kalamu ikateleza, ikaanguka, ikaokotwa, ikaanguka tena. Alichoandika mwisho kilifanana na alama ya kuku aliyekimbia.

"Mwendesha mashtaka ataikataa hiyo," Maryvonne alisema. "Vua glavu."

"Vidole vinauma."

"Mara moja tu."

"Baridi yabisi, afande, ukiifungulia upepo..."

"Anselme," Bi Léontine alisema, "mimi nilipanda ngazi."

Mzee Anselme akavua ya kulia. Ngumi ilikuwa imefumbwa. Akaandika jina lake kwa ngumi hiyo hiyo, mpaka kidole gumba kikalazimika kujitokeza. Chini ya ukucha, na kwenye mikunjo ya kidole chote, palikuwa na rangi nyekundu.

Mzee Anselme naye akakitazama kidole kama cha mtu mwingine.

"Mlango," alisema. "Nilikuwa napaka rangi mlango. Wa ghala la mvinyo."

"Rangi gani?" Maryvonne aliuliza.

Ilibidi ajibu. Kidole kilikuwa pale pale, juu ya karatasi. "Nyekundu."

"Nyekundu," Bi Léontine alisema polepole. "Mlango unaotazama kikanisa. Wewe, Anselme." Akaketi juu ya pipa la pili, mikono magotini, kama aliyewahi harusini akapata kiti cha mbele.

Mlango wa ghala ulikuwa hatua chache tu, mwisho wa yadi, chini ya ngazi za mawe. Ulikuwa wa kijivu. Kijivu cha siku nyingi, buibui amefunga utando kutoka bawaba mpaka ukutani. Maryvonne akapitisha kidole juu ya mbao, akakigeuza kumwonyesha. Kilikuwa na vumbi.

"Nimeupaka upande wa ndani," Mzee Anselme alisema.

"Basi fungua tuone."

Alitafuta ufunguo mifuko yote, na ulikuwa kwenye mfuko wa kwanza. Mlango ukafunguka na harufu ya mafuta ya rangi ikawapiga usoni. Upande wa ndani wa mlango ulikuwa mbao tupu, haujawahi kuona brashi. Na kati ya safu za mapipa, juu ya pipa lililopinduliwa, chini ya taa, alikuwa Mtakatifu Vinsenti. Alikuwa anawatazama. Pua yake ilikuwa nyekundu kuliko pua yoyote iliyopata kuonekana Burgundi, na inang'aa.

Bi Léontine, aliyekuwa ameshashuka ngazi bila kualikwa, alipiga ishara ya msalaba, kisha akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika.

Mzee Anselme aliegemea ukuta. Kwa muda alionekana kama atakayesema jambo jema. Huko juu, mbele ya kituo, honi ya gari la mjini ililia mara moja, kwa ukosefu wa subira.

"Ni Amaro," Mzee Anselme alisema. "Atakuwa ndiye aliyemficha humu. Ana mazoea na ghala hili, alinitengenezea ngazi. Alimharibu pua, akamleta hapa, akampaka rangi ili lawama ziniangukie mimi. Mimi nimemkuta tu, leo, nikamgusa, ndiyo nikachafuka. Nilikuwa nakuja kukwambia, afande. Nilikuwa navaa viatu."

Maryvonne aliinama mbele ya mtakatifu, kama watu wa Chavenoy wanavyofanya Januari, akaweka ncha ya kidole juu ya ile pua. Akakiondoa, akakinyanyua kwenye mwanga wa taa. Kilikuwa chekundu mpaka kwenye ukucha.

"Mbichi," alisema. "Ya leo asubuhi. Amaro nimemfungia mwenyewe tangu Jumatatu."

Mzee Anselme akatazama kidole cha Sajini, halafu chake. Kisha akaanza kuvaa glavu tena, taratibu, kidole kimoja kimoja.